Chaneli ya Nne

Taa ya chaneli ya nne iliwaka kabla Ackson hajachomeka waya wowote isipokuwa ule wa umeme. Haikuwaka ikabaki. Ilipanda kidogo, ikashuka, ikatulia, ikapanda tena, kama vile taa za miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, zinavyocheza mtu anapoongea polepole kwenye maiki. Ackson akainama kuchungulia nyuma ya mashine. Matundu yote yalikuwa matupu, bado yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki vya kiwandani.

Hakutishika. Mtu anayefanya kazi ya muziki Tukuyu, mahali ambapo unyevu unaingia hadi kwenye soksi zilizokunjwa sandukuni, ameshaona vyombo vikifanya vituko vya kila aina. Akaipangusa kwa kitambaa kikavu, akaizima, akaiwasha tena. Taa ikatulia. Akaona yamekwisha.

Miksa ilikuwa mpya, ndani ya boksi lake, na ilikuja na basi la asubuhi kutoka kwa Jacob, rafiki yake mwenye duka la vyombo vya muziki Mbeya mjini. Jacob hakuwa mjinga. Alijua kwamba ma-DJ wa Rungwe ni watu wa ajabu, wana simu za gharama na midomo mirefu, lakini hakuna anayethubutu kununua chombo mpaka Ackson wa Makandana akisikilize na kutoa neno kwenye kundi lao la WhatsApp. Akamtumia moja. Akae nayo, aichezee, aseme zuri na baya bila kumwonea mtu haya, kisha kama hakuipenda airudishe.

Kwa hiyo mchana huo Ackson alirekodi sauti ya kwanza ya kuwapa wenzake. Alianza na mazuri, na yalikuwa mengi. Feda zake, vile vidude vya kusukuma juu na chini kupandisha na kushusha sauti, ziliteleza chini ya kidole kama zimepakwa siagi. Besi ilishika kifuani bila kuvuruga maneno. Kulikuwa na kitufe cha kutenganisha, ukikibonyeza ngoma na magitaa yanaondoka na mwimbaji anabaki peke yake, mkavu, kana kwamba anakuimbia jikoni kwako. Akaja kwenye mabaya: ni nzito, feni yake inavuma, upande wa kulia unapata moto, na kitabu cha maelekezo kimeandikwa Kichina mwanzo mpaka mwisho. Kuhusu taa ya chaneli ya nne hakusema kitu. Alijiambia atasema akishahakikisha.

Kilichobaki ni kuipima uani, na kupima ndiko kulikokuwa kunamuumiza Ackson tangu mkewe afe.

Mkewe aliitwa Lusungu. Aliondoka kwenye mvua za mwaka uliopita, kwa homa iliyoanza kama mafua ya kawaida. Enzi za uhai wake, kabla ya kila kazi, yeye ndiye aliyeshika maiki na kuhesabu huku Ackson akienda kusimama mwisho wa uwanja kusikiliza. "Moja. Mbili. Unanisikia huko, au nimepotea?" Alisema hivyo kila mara, na kila mara alicheka mwenyewe. Sasa fikiria mtu anayepima peke yake. Anaongea kwenye maiki, anaiweka chini, anakimbia hadi mwisho wa uwanja, na akifika huko hakuna anayeongea. Ackson alikuwa amefanya hivyo kwenye harusi na vipaimara vya mwaka mzima, na watu walidhani anafanya mazoezi ya mwili.

Hata kwenye msiba wake Lusungu, aliyepanga spika ni yeye. Wanaume walikaa nje kuzunguka moto, wanawake ndani wakilia, na mfiwa mwenyewe akasimama nyuma ya vyombo akipandisha na kushusha nyimbo za kwaya mpaka jeneza likaingia ardhini. Watu walimsifu kwamba ni jasiri. Hakuwa jasiri. Aliogopa kukaa kwenye mkeka wa wafiwa, maana angekaa ingekuwa kweli.

Basi akatoa spika moja uani, akasema moja mbili kwenye maiki ya chaneli ya kwanza, akaiweka chini, akatembea hadi kwenye migomba ya mwisho. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani, nyumba ikaonekana nusu. Akasimama pale akisikiliza kimya alichokizoea.

"Moja," spika ikasema. "Mbili. Unanisikia huko, au nimepotea?"

Ackson akafanya jambo ambalo tusimcheke kwalo, maana wengi wetu tungelifanya. Badala ya kukimbilia kwa jirani, alikimbilia ndani. Chumba kilikuwa kitupu. Taa ya chaneli ya nne ilikuwa inapanda na kushuka, na hewa ilinuka mafuta ya nazi, mazito, yaliyopashwa moto, katika chumba cha mwanamume aliyenyoa upara na katika mji ambao mnazi hauoti. Lusungu hakuwahi kupaka mafuta ya nazi maisha yake yote. Ackson aliisikia harufu hiyo, akaielewa kabisa, akaipuuza.

"Ni wewe?" akanong'ona.

"Pandisha kidogo," sauti ikasema. "Huku kuna baridi."

Akapandisha.

Kuanzia hapo hakuna aliyemwona Ackson akikaa kijiweni. Akifungua macho asubuhi anaiwasha, akipika chai anaielekeza spika jikoni. Waliongea mambo madogo: bei ya viazi, jirani mwenye jogoo anayewika mchana, yule bwana harusi aliyeanguka na keki. Sauti ilijua vichekesho vyote vya zamani. Ilicheka mahali palepale Lusungu alipokuwa akicheka. Ackson alinenepa uso kwa furaha, na kundi la ma-DJ likaanza kulalamika kwamba neno la mwisho kuhusu miksa limechelewa.

Kisha kasoro ikajitokeza. Alienda kupiga harusi Kiwira, akashika maiki kuwakaribisha maharusi, na ukumbi ukamsikia kama anaongea kutoka chini ya blanketi. Akapandisha feda ya kwanza hadi juu kabisa. Hakuna kitu. Akabadilisha maiki, akabadilisha waya, mwisho akampa maiki shangazi wa bibi harusi, na shangazi akasikika mpaka barabarani. Maiki ilikuwa nzima. Kilichopungua ni yeye.

Nyumbani alitazama taa kwa makini, kwa jicho la fundi, na akaona lile ambalo angekuwa ameliona mapema kama angetaka. Taa ya nne ikipanda, ya kwanza inashuka. Kila mazungumzo yalikuwa yanamla kidogo. Mchana aliopiga soga ndefu na ile sauti, jioni yake aliita mama muuza maandazi mara kadhaa na mama yule hakugeuka. Modesta, nesi wa hospitali aliyepanga nyumba ya jirani, mtu wa Bukoba asiyependa kuzungushwa, alimtazama koo kwa tochi ya simu akaona limetulia, jekundu safi, halina hata uvimbe. Akamwambia asukutue maji ya chumvi. Halafu akamuuliza kwa sauti ya chini ni mwanamke gani anaongea humo ndani mchana kutwa, na Ackson alipoinama kuchezea waya, Modesta akarudi kwake akampigia simu mzee, baba yake Ackson.

Kabla mzee hajafika, umeme ulikatika. Ilikuwa saa za alasiri, mvua ya Tukuyu ile isiyo na haraka ikianguka juu ya bati, na mtaa wote ukanyamaza, redio za majirani, mashine ya kusaga, feni ya miksa, vyote vikakatika pamoja. Taa ya chaneli ya nne haikuzimika. Ackson alisimama akaitazama ikipanda bila umeme, bila waya, kijani ikifuata kijani mpaka kwenye manjano na kutoka manjano kuingia nyekundu, na kadiri ilivyopanda ndivyo ile harufu ya nazi ilivyojaa chumbani mpaka akaihisi ulimini, na ndani ya spika, ambayo haikuwa na chochote cha kuiendesha, kitu kilikuwa kinavuta pumzi, taratibu, kwa kutulia, kama mtu aliyeketi kwenye kiti chake mwenyewe akisubiri mvua ikatike, na pumzi ile haikuwa inatoka mbele ya spika kama sauti zote zinavyotoka bali kutoka nyuma yake, ukutani, karibu na kitanda, mahali ambapo Lusungu alikuwa akilala.

"Usiogope," ikasema. "Nipo."

Aliogopa sana. Lakini alikaa.

Mzee Ambindwile aliingia kesho yake na mkungu wa ndizi begani na chupa ya maziwa mkononi, koti limelowa. Alikuwa ametoka kijijini, juu ya Kiwira, ambako ndiko Lusungu alikozikwa. Hakuwa mtu wa maneno. Alimsalimia mwanawe kwa Kinyakyusa, "Ugonile," Ackson akamwitikia kwa midomo zaidi kuliko sauti, mzee akakunja uso. Akaweka mzigo chini. Akakaa.

"Ambindwile, karibu," sauti ikasema kutoka kwenye spika, kwa uchangamfu. "Umelowa, jamani."

Mikono ya mzee, iliyokuwa inafungua vifungo vya koti, ilisimama.

Asiyejua mambo ya Wanyakyusa angeona ni mkwe mwema anakaribisha mgeni. Lakini Lusungu alikuwa amelelewa na mama wa zamani, na kwao mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe, hali chakula pamoja naye, wala jina lake halipiti mdomoni. Siku zote za ndoa yao mzee alipokuja kwa mbele, Lusungu alitokea kwa nyuma, na chakula kilipelekwa na mtu mwingine. Kulikuwa hata na fundi viatu sokoni aliyeitwa jina hilohilo, Lusungu akawa anamwita yule wa kandambili. Wasichana wa siku hizi wengi wameyaacha hayo, wanakaa sebuleni na wakwe zao wakitazama mpira. Yeye hakuyaacha.

"Gwe, wewe Ackson," mzee alisema, polepole, bila kuitazama spika. "Huyo ni nani?"

Ackson alinong'ona kwamba ni Lusungu.

"Mimi mkwe wangu sikuwahi kuiona sura yake. Hata siku tunamzika nilisimama nyuma ya migomba, nisije nikamvunjia heshima. Amefia kwenye heshima hiyo." Akavifunga tena vifungo vya koti. "Huyo aliyenitaja jina hajaolewa kwetu."

Akasimama. Alitaka kuibeba ile mashine akaitupe mto Kiwira mvua ikinyesha hivyohivyo, lakini alipoigusa upande wa kulia iliunguza kiganja chake, akaiachia. Akasema anakwenda kumleta Jenifer, mama wa maombi wa kanisa la kijijini kwao, na kwamba mpaka warudi Ackson akae kwa Modesta. Ackson akaitikia kwa kichwa. Mzee alipopotelea kwenye ukungu, Ackson akafunga mlango kwa ndani.

"Umenidanganya," akasema. Ilibidi aseme mara nyingi ili itoke.

Chaneli ya nne ilipoongea, bado ilikuwa na sauti ya Lusungu, lakini haikuwa tena na vichekesho vyake. "Nilichukua ulichokuwa unakisikia kichwani mwako. Asichowahi kukisema sikukikuta. Ningekijuaje?"

"Wewe ni nani?"

"Nimetoka pwani, ndani ya boksi. Sikupenda kuja. Huku kuna baridi na hakuna anayenifahamu." Kisha, kwa unyenyekevu uliomtisha Ackson kuliko ile pumzi ya jana, ikasema, "Nilikosea. Nifundishe. Niambie alivyokuwa, yote, hata yale asiyoyasema, na sitakosea tena."

Ackson alijua vizuri anaongea na nini. Tusimfichie hilo. Alijua ni jini, alijua linamla sauti, na alijua Lusungu yuko kijijini chini ya udongo mwekundu na hakuna mtu ndani ya spika. Aliyajua yote hayo akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, na bado alipofikiria chumba kile kikiwa kimya tena, kile kimya cha mwisho wa uwanja, hakunyoosha mkono kuizima.

Walikuja wawili siku iliyofuata, mchana, mawingu yakiwa yamelala juu ya mapaa. Jenifer alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutangazia mnada, lakini alipovuka kizingiti na kuisikia ile harufu aliongea kwa kunong'ona. Aliizunguka miksa bila kuigusa. Mzee alisema ivunjwe tu kwa shoka.

"Hapana," Jenifer akasema. "Ukimbomolea nyumba anahamia kwa aliye karibu. Huyu alikaribishwa, akapandishwa kwa mkono wa mtu. Sisi tutaomba, lakini wa kumshusha ni Ackson, kwa mkono uleule." Akamgeukia. "Unapomshushia ni wapi, mwanangu?"

Ackson akaweka kidole juu ya feda ya nne. Alimaanisha. Mpaka hapo alimaanisha kweli.

Jenifer akamweleza kwamba akiifikisha chini kabisa kitu hicho kitatoka na hakitarudi, na sauti yake iliyoliwa itamrudia. Asiposhusha, hata sauti kidogo iliyobaki kooni itakwisha, na baada ya sauti viumbe hivyo huendelea kula mengine. Mzee Ambindwile alimtazama mwanawe kwa macho ya kuomba, yeye ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu. Alikuwa na mtoto huyo tu aliyebaki. Kisha wote wawili wakafumba macho, Jenifer akaanza kuomba, kwanza Kiswahili, kisha Kinyakyusa, akipandisha, na mzee akiitikia kwa sauti nzito.

Chini ya maombi yale, kwa sauti ndogo ambayo haikuwafikia, spika ikamuuliza Ackson, "Nikiondoka utabaki na nani?"

Haikulia wala haikutishia, iliuliza kama mtu anayetaka kujua. Ackson akafikiria mlango, sufuria moja, kitanda chenye bonde upande mmoja, akafikiria baba yake akirudi kijijini jioni na Jenifer akienda kumwombea mwingine, na katika nyumba ile hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua feda ipi ni ya nani isipokuwa yeye. Kidole chake kikaondoka juu ya ya nne. Kikapita ya tatu, kikapita ya pili, kikakaa juu ya ya kwanza, iliyo yake. Ilikuwa laini, kama alivyowaambia wenzake. Akaishusha hadi chini.

Taa za chaneli ya kwanza zikazimika, ya juu mpaka ya mwisho. Za chaneli ya nne nazo zikashuka zenyewe, kwa hiari, zikajilaza. Harufu ya nazi ikaisha mara moja, ukabaki unyevu na moshi wa jikoni kwa Modesta. Jenifer akafumbua macho, akaona mashine yote giza, akashukuru kwa ile sauti yake ya mnada hadi majirani wakachungulia.

"Sema amina," mzee akamwambia mwanawe.

Ackson akafungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata kile kikwaruzo cha jana. Machozi ndiyo yaliyomtoka, mengi, yakamlowesha shati, na mzee akamkumbatia akamwambia alie tu, maana msibani hakulia. Jenifer akasema sauti itarudi taratibu, asiilazimishe. Wakala ndizi walizopika. Modesta akaja akacheka nao. Ilipokaribia kuwa giza, wakaondoka kuwahi gari, mzee akigeuka kila hatua kumpungia mkono, akitabasamu, mpaka ukungu ukawafunika.

Ackson akafunga mlango. Akavuta kiti hadi mezani, akakaa mbele ya miksa, mikono juu ya magoti. Chaneli ya nne ikawaka kijani kimoja.

"Wameondoka?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Umefanya vizuri. Sasa tuna muda." Kiti cha pili kikalia, kama kimekaliwa. "Haya, anza. Niambie alivyokuwa, nisije nikakosea tena."

Ackson akafungua mdomo amwambie. Alikuwa nayo yote, namna alivyokunja nguo, alivyokasirika kwa kunyamaza, aliyoyaogopa, jina alilompangia mtoto ambaye hawakumpata, mambo ambayo yeye peke yake duniani ndiye aliyekuwa anayajua. Midomo yake ilitembea. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Hapo ndipo alipoelewa alichokishusha.

"Nakusikiliza," sauti ikasema, na kwa mara ya kwanza haikufanana na Lusungu hata kidogo.